Mama Lusubilo na Swali la Saba

Ungewekewa mbele yako mifumo mitatu ya kompyuta ya kufundishia wafanyakazi, ukaambiwa uchague mmoja, na wewe mwenyewe hujawahi kushika kipanya, msomaji, ungeanzia wapi?

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Tunduma. Ukungu bado umelalia malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde, na Tusekile anazunguka yadi na kopo la chokaa. Anachora mstari mweupe ardhini, hatua nne kutoka mlango wa kila kontena lililoingia jana. Kavaa buti za mpira za kijani, kitenge kimekazwa juu ya suruali, na ufunguo wa ghala unaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

Dereva mmoja wa Zambia anashuka kwenye lori akipiga miayo. "Mwashibukeni mukwai," anamsalimu. Tusekile anamjibu, "Eya mukwai," kisha anaziangalia ndala za dereva huyo. Dereva anacheka, anarudi kuvaa viatu. Anajua kuwa ndani ya mstari ule ndala haziingii.

Hapa hakuna anayemwita Tusekile. Ni Mama Lusubilo, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ana miaka hamsini na mmoja, na ni mtunza ghala katika kampuni ya uwakala wa forodha ambayo mji mzima unaijua kwa geti lake la buluu. Mshahara wake ni shilingi laki mbili na themanini kwa mwezi. Kazi ya pili anayoifanya, ile ya kufundisha, haimo kwenye barua yake ya ajira.

Alizaliwa Iyula, kwenye kahawa. Darasa la saba alimaliza mwaka 1977, akarudi shambani, akaolewa, akazaa. Mwaka 1995 aliingia kwenye yadi hii kushona magunia yaliyopasuka safarini. Alikuwa na uzi wa katani, sindano ya shazia na kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani, na ujira ulikuwa shilingi mia nne kwa siku.

Mtu akishona magunia miaka mitatu huyajua magunia. Tusekile alijua kwa kugusa tu lipi la mbolea, lipi la saruji, lipi limelowa chini likakauka juu. Basi ikawa kila mpagazi mpya akiajiriwa anaambiwa, nenda kakae na Mama Lusubilo wiki moja. Hakukuwa na chumba wala ubao. Alimkalisha mtu juu ya gunia, akamfundisha huku sindano inaenda.

Majina yao ameyaandika kwenye kaunta buku lenye jalada jekundu. Ni watu mia moja arobaini na watatu katika miaka kumi na sita. Baadhi wamehamia kwenye kampuni nyingine mpakani, wawili wana malori yao, mmoja ni mchungaji Isansa.

Jina la themanini na nane ni Uledi.

Uledi alitoka Kigoma akiwa na nguvu za ajabu na mdomo usiotulia. Tusekile alimfundisha kama alivyofundisha wengine. Magadi ya moto ya viwandani, yale yanayopelekwa migodini ng'ambo na ambayo watu wa yadi huyaita kostiki, alimwambia atayajua kwa gunia jeupe lenye mstari wa buluu. Gunia hilo likipasuka, asiliguse kwa mkono mtupu, na kama kuna mvua, akimbie.

Machi 2011, mvua ikinyesha, lilishuka gunia la kahawia lisilo na mstari wowote. Mtengenezaji alikuwa amebadilisha magunia. Lilipasuka mguuni kwa Uledi, na Uledi, kwa kuwa halikuwa jeupe, akajipangusa kwa kiganja akaendelea kupakua. Kufika saa sita mchana ngozi ya mguu ilikuwa imeondoka kuanzia goti hadi kifundo.

Alilala hospitali wiki saba. Tusekile alimpelekea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai kila Jumapili baada ya ibada.

Kwenye gunia lile la kahawia kulikuwa na alama. Ilikuwa pembeni, ndani ya umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, imechorwa mkono na kitu kinachoudondokea. Tusekile aliiona alipokwenda kuliokota. Alikuwa ameona alama kama ile mara nyingi, kwenye magunia, kwenye mapipa, kwenye milango ya matangi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kila moja ina maana gani.

*

Septemba 2014 ilikuja barua. Mteja mkubwa wa kampuni, mwenye mgodi ng'ambo, alisema kuwa kuanzia Desemba hatapitisha kemikali zake kwenye yadi ambayo haina kumbukumbu za mafunzo ya wafanyakazi. Kila mmoja awe amefundishwa na kupimwa, na alama zake ziwekwe kwenye mfumo ambao mteja anaweza kuufungua akiwa kwake. Tarehe ya mwisho ilikuwa thelathini Novemba, na kufaulu ni maswali kumi na sita kati ya ishirini.

Kazi za mteja huyo ndizo zinazolisha wapagazi wote kumi na wanne wa Geti la Buluu. Zikiondoka, wanaondoka nazo.

Bwana Yahaya, mwenye kampuni, mtu wa Kondoa aliyekuja Tunduma na lori moja bovu akalitengeneza, aliunda kamati ya watu watatu. Alijiweka yeye mwenyewe, akamweka Naila, mhasibu wake, mtoto wa dada yake mwenye stashahada, na akamweka Mama Lusubilo kwa kuwa ndiye anayefundisha.

Naila aliandika barua pepe kwa kampuni tatu. Moja ilitoka Dar es Salaam, ya pili Arusha, na ya tatu ilikuwa ya vijana wawili wenye chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme Mbeya mjini.

Kabla hawajafika, Naila na Tusekile walikaa siku mbili kutunga maswali ishirini ambayo yangeingizwa kwenye mifumo yote mitatu, ili ipimwe kwa kipimo kimoja. Ya kemikali Naila aliyatoa kwenye kitabu alichotumiwa na mteja. Ya yadi aliyasema Tusekile, naye Naila akayaandika.

Swali la kwanza kulisema ndilo lililokuja kuwa la saba kwenye orodha. Unafungua mlango wa kontena lililosafiri, unasimama wapi?

Mfumo wa Dar ulikuja na bwana aliyevaa tai, na picha ukutani kwa mashine ya mwanga. Ulikuwa mzuri kwa kweli. Ulitoa vyeti vyenye nembo ya kampuni, ulichora alama za kila mtu kwa milia ya rangi. Bwana Yahaya aliuangalia kama mtu anavyoangalia gari jipya, akamgeukia Tusekile akamuuliza yeye anautaka upi.

"Nitasema nikishaona watu wameutumia, mzee," alijibu.

Wakati wote wa maonyesho alisimama nyuma ya bega la Naila, mikono kaikunja mgongoni. Bwana wa tai alimsogezea kiti mara mbili, hakukaa.

Wapagazi walipewa vijikaratasi, kila mmoja na jina lake na namba zake za siri, wakaambiwa ndani ya siku mbili kila mtu aingie kwenye kompyuta ya ofisi ya geti, asome na ajibu. Siku ya tatu asubuhi Naila alichapisha matokeo. Watu kumi na wanne, na kila mmoja alikuwa amepata kumi na tisa kati ya ishirini.

Bwana Yahaya alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hata yeye asingepata hizo. Alishika simu kuwaambia watu wa Dar walete mkataba.

Tusekile aliomba aone karatasi.

Anasoma polepole, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Alimwomba Naila amwonyeshe ni swali lipi ambalo Osea, mpagazi mkongwe, amekosa. Naila akamwonyesha la saba. Na Uledi? La saba. Alikwenda jina kwa jina hadi mwisho. Wote kumi na wanne walikuwa wamekosa swali la saba, na wote walikuwa wamechagua jibu lilelile: mbele ya mlango, ili uuone mzigo vizuri.

Sasa, mtu yeyote aliyefanya kazi ya yadi mwezi mmoja anajua kuwa mzigo husogea njiani na kuuegemea mlango. Unasimama ubavuni, unazungusha kamba kwenye nondo ya mlango, unaufungua kiasi cha kiganja, unasikiliza. Osea amefanya hivyo miaka ishirini. Mwaka 2003 alimwona mwenzake akifunikwa na mabati kwa kusimama mbele.

Osea hawezi kulikosa swali lile hata akiamshwa usingizini. Anayeweza kulikosa ni mtu mwenye akili nzuri ambaye hajawahi kufungua kontena.

Tusekile alikunja karatasi, akasema anakwenda getini mara moja.

*

Karani wa geti anaitwa Yunisi, mwanamke wa miaka thelathini na tano mwenye mwandiko wa kupendeza. Yeye ndiye kalamu ya yadi. Fomu za likizo anajaza yeye, za bima anajaza yeye, barua za kuomba nafasi ya mtoto shule anaandika yeye, na kadi za mialiko ya harusi vilevile. Mtu anapitisha karatasi yake dirishani, anaendelea na kazi, jioni anaikuta imejazwa. Ndivyo ilivyo kwenye yadi hii tangu Yunisi aanze kazi, na hakuna aliyewahi kuona ubaya.

Alipoulizwa, hakuficha.

"Walinipa vikaratasi dirishani, mama, kama siku zote," alisema. "Nikajaza kati ya lori na lori. Nilidhani ni fomu."

Tusekile akaenda kwa wapagazi. Walikuwa wanakunywa chai kwenye kivuli cha mizani. Nao walisema vivyo hivyo, kwamba walidhani ni fomu. Uledi akaongeza kuwa afadhali amepata kumi na tisa kabla hajafa, maana shuleni hakuwahi kuvuka sita. Wenzake wakacheka. Tusekile hakucheka, na kicheko kikaisha chenyewe.

Aliinama akaushika mguu wa suruali ya Uledi, akaupandisha mpaka kwenye kovu.

"Hili nalo lilikuwa fomu?" aliuliza.

Kutoka kwenye mizani hadi ofisini ni hatua themanini hivi. Mwenyewe anakumbuka kuwa alizitembea polepole, kwa sababu alikuwa anafikiria. Akinyamaza, mkataba unasainiwa, mteja anaona kumi na tisa, kazi inabaki, na hakuna mtu yadini anayejua alama ya mkono unaodondokewa. Akisema, Bwana Yahaya anaweza kuwafukuza wote leo hii bila kungoja Desemba.

Alisema.

Bwana Yahaya akaweka simu mezani. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo, na wanaomjua wanaiogopa hiyo kuliko ukali. Alisema Yunisi afungashe vitu vyake.

"Basi na mimi nifungashe, mzee," Tusekile alimwambia. "Fomu yangu ya likizo amejaza yeye. Na ya kwako ya kuhiji, aliyekuandikia anuani ni nani?"

Naila aligeuza uso wake dirishani ili mjomba wake asimwone anavyotabasamu.

Ombi la Tusekile lilikuwa dogo. Apewe siku sita, siku mbili kwa kila mfumo, na kifaa cha kugusa kwa kidole kitolewe ofisini kipelekwe yadini. Kila mtu akae peke yake kwenye benchi la mizani, yeye akiwa pembeni, na Yunisi abaki dirishani kwake. Mfumo utakaochaguliwa usiwe ule ambao watu wamepata alama nyingi, bali ule ambao mtu anaweza kuutumia mwenyewe mpaka mwisho.

Bwana Yahaya alihesabu siku zilizobaki kwa vidole, akakubali.

*

Mfumo wa Dar haukumaliza hata siku moja. Ulikuwa na maandishi mengi madogo, na kila swali lilitanguliwa na ukurasa mzima. Osea alitumia saa nzima kwenye maswali manne. Alifuta jasho akasema, "Mama Lusubilo, hii inanipima macho. Kazi haijaniuliza bado."

Wa Arusha ulikuwa na sauti nzuri ya mwanamke inayosoma maswali, na wapagazi waliupenda. Lakini ulitaka mtandao muda wote, na mtandao wa Tunduma huelemewa kila asubuhi malori yakifika, madereva wote wakipiga simu kwao. Uledi alifika swali la kumi na sita, mtandao ukakatika, na majibu yake yote yakapotea. Alianza upya mara tatu. Mara ya tatu alikirudisha kifaa kwa adabu akaenda kupakua saruji.

Wa vijana wa Mbeya ulikuwa na sura mbaya. Rangi zimepauka, kitufe kimoja hakikufanya kazi kabisa, na vyeti vyake vilitoka vimepinda. Lakini ulisoma maswali kwa sauti, kwa Kiswahili cha kawaida. Ulihifadhi majibu ndani ya kifaa mpaka mtandao urudi. Mtu alijibu kwa kugusa picha, na kabla ya kuanza, kifaa kilimpiga picha usoni, kwa hiyo kazi ya mtu mmoja haiwezi kufanywa na mwingine.

Tena picha zenyewe ungeweza kuzibadilisha. Vijana wale walikuja na kamera, wakapiga picha makontena ya Geti la Buluu, mstari wa chokaa, kamba kwenye nondo. Masomo ya yadi waliyarekodi kwa sauti ya Tusekile mwenyewe, ndani ya stoo, wameziba dirisha kwa magunia ili honi za malori zisiingie.

Matokeo ya benchini yalikuwa haya: aliyepata nyingi alipata kumi na nne, aliyepata chache alipata nane. Hakuna aliyefaulu. Lakini swali la saba wote kumi na wanne walilipata.

Naila alizileta karatasi mbili mezani, ile ya kumi na tisa na hii mpya. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

"Mzee," Tusekile alimwambia Bwana Yahaya, "hii yenye alama mbaya ndiyo yetu. Ile nyingine ni ya Yunisi."

Bwana Yahaya alisaini na vijana wa Mbeya jioni ile. Baadaye alikiri kwa Naila kwamba hakulala vizuri wiki nzima.

Zikaanza siku za kujifunza. Kila asubuhi kabla lori la kwanza halijaingia, wapagazi walikaa benchini wawili wawili, vifaa viwili, zamu ya dakika ishirini. Sauti ya Mama Lusubilo ilitoka kwenye kifaa, na Mama Lusubilo mwenyewe alikuwa akipita na kopo la chokaa. Uledi alipenda kukibishia kifaa. Kikimwambia asimame ubavuni, anakiambia, sawa mama, nimesimama. Kisha anamgeukia aliye hai, anamwambia afadhali yule wa ndani, anarudia bila kufoka.

Tarehe ishirini na tisa Novemba walifaulu kumi na watatu. Osea alipata kumi na tano. Aliomba arudie, akakataa chai, akarudia, akapata kumi na saba. Aliondoka benchini bila kumwangalia mtu, akaenda nyuma ya ghala, akakaa huko kidogo.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi wa mteja, mama wa Kizambia mwenye kofia ngumu ya njano. Alama alikuwa ameshaziona huko kwake. Hakutaka karatasi. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa lililokuwa karibu, akaweka kidole kwenye alama ya mkono unaodondokewa, akamwita mpagazi aliyekuwa jirani aeleze. Mpagazi huyo akawa ni Uledi.

Uledi alieleza kuwa ni kitu kinachounguza ngozi na kula chuma. Akaeleza glavu za aina gani, maji kiasi gani, dakika ngapi. Kisha akapandisha suruali, akasema kwamba ukiruka hatua hizo unapata hii.

Mkataba uliongezwa kwa miaka miwili.

*

Leo, katikati ya Desemba, ofisi ya Geti la Buluu ina kiti kipya karibu na dirisha. Bwana Yahaya amempa Tusekile barua yenye cheo cha msimamizi wa mafunzo na nyongeza ya shilingi elfu sitini, na Lusubilo, ambaye sasa anafundisha shule ya msingi Vwawa, alikuja na mkewe kuisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya ndugu. Yunisi bado yupo dirishani kwake. Anajaza fomu zilizo fomu kweli, na Jumamosi anawafundisha watano wa yadi kusoma.

Naila anamwonyesha Tusekile, kwenye kifaa, ukurasa wake wa mfumo. Jina lake liko juu kabisa, kwa herufi nene. Chini yake kuna majina kumi na manne, na mbele ya kila jina masomo kumi na mawili yenye alama ya vema. Somo la tisa ni la alama za hatari. Tusekile anaweka kidole juu ya somo hilo, anabonyeza. Halifunguki. Anabonyeza tena.

Naila anamweleza kuwa msimamizi hafunguliwi masomo. Yeye anaona alama za wengine tu, ndivyo walivyopanga vijana wa Mbeya, kwa kuwa msimamizi ni mtu anayejua tayari. Anamuuliza kama kuna kitu kingine anachotaka kirekebishwe, maana vijana watapiga simu saa nne.

Tusekile anavuta kile kiti kipya. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba anakaa mbele ya kompyuta. Anakitazama kipanya, anakifunika kwa kiganja chake chenye makovu ya sindano ya shazia, polepole, kama mtu anayeshika kifaranga.

"Waambie waniondoe huku juu, mwanangu," anasema. "Tangu siku ile ya kwanza, mjomba wako aliponiuliza nataka upi, nilitaka kitu kimoja tu. Wanifundishe na mimi. Uledi nilimfundisha kitu nisichokijua. Niandike huku chini, baada ya Osea. Niwe wa kumi na tano."